Somo: Kuotesha mkababu, na namna ya kuujua

Wengi huukata mkababu wakidhani umekufa. Masika yamekolea, miti mingine yote ni kijani, wenyewe umesimama mifupa mitupu. Ndiyo tabia yake: hupukutisha majani mvua zikianza, huchipua kiangazi. Mahindi chini yake yanapata jua, na mbuzi wanapata kivuli na malisho wakati wa ukame.

Utafute kando ya mito na kwenye mabonde yanayofurika. Vijitawi ni vyeupe-vyeupe, vya kupindapinda. Miiba imenyooka, miwili-miwili. Maua kama mkia wa panya, rangi ya maziwa. Ukikuta chini maganda ya rangi ya chungwa yaliyojisokota kama maganda ya tunda yaliyoanikwa juani, ndio wenyewe. Mgunga maji nao hupenda maji, lakini gome lake ni la njano na maua ni vidonge vya mviringo.

1. Okota maganda kiangazi, ponda, pepeta. Mbegu yenye tundu tupa, mdudu keshakula kiini.

2. Chemsha maji, epua, ndipo utie mbegu. Ziache humo hadi kesho yake. Zilizovimba panda, zilizogoma zikwaruze ganda kwa tupa, mbali na kitovu, yaani pale mbegu iliposhikana na tunda.

3. Tumia viriba (vifuko vya kuoteshea miche) virefu, kama sentimita 30. Hapa ndipo nilipoumia. Mwaka wa kwanza nilitumia vifupi, mizizi ikatoboa ikazama ardhini. Siku ya kuhamisha, kila kiriba nilichoinua nilisikia "tak!" chini yake. Karibu miche yote ilikufa. Sasa naviinua kila wiki.

4. Mvua zikishika, panda mita 10 kwa 10, yaani miti 100 kwa hekta, kama wafanyavyo wakulima wa Zambia. Zungushia miiba, mbuzi hana huruma.

Maswali

*Mwalimu, siwezi kupanda mbegu shambani moja kwa moja?*
Unaweza, tena mzizi unashuka bila bughudha. Ila palilia, magugu humeza mche mchanga.

*Mti huu utarutubisha shamba lini?*
Si leo wala mwakani. Mti hukua haraka, lakini rutuba inayotokana na majani yake huchukua miaka. Samadi usiache.

*Wangu umepukutika wote wiki hii. Nishanoa panga.*
Ngoja kwanza, ndugu yangu. Kwangua gome la kijitawi kwa ukucha, uniambie rangi.

*Kijani.*
Rudisha panga ndani.