Kupamba jiko dogo la nyumba ya pwani kabla kaskazi haijakolea

Assalamu alaykum wapenzi. Kaskazi huanza kuvuma Desemba na kwenda mpaka Machi, na hiyo ndiyo miezi ya joto kali kwenye mwambao wetu. Miaka hii Ramadhani nayo inaangukia Februari na Machi, humo humo ndani ya joto. Anayeanza kazi hii Desemba, vuli ikishakatika, ataingia mfungoni jiko lake limeshatulia.

Somo hili nimelipanga kwa jiko la aina moja ninayoijua vizuri: jiko la nyumba ya mawe ya kijijini, upande wa mashariki ya Unguja, kuanzia Bwejuu na Paje hadi Jambiani na Makunduchi. Chumba cha hatua chache tu, ukuta wa mawe ya matumbawe, paa la mabati au makuti, dirisha moja, mlango wa kutokea uani. Walio Pangani, Kilifi au Lamu watabadilisha kidogo hapa na pale, hasa wa Lamu, maana kwenye nyumba zao za ghorofa za zamani jiko huwa juu kabisa, moshi upate pa kutokea.

Msimamo wangu ni huu: jiko dogo la pwani halihitaji mapambo ya kununua. Linahitaji weupe, upepo, na vyombo vyake lenyewe vikipangwa vionekane. Chochote kisichostahimili chumvi ya hewani na mvuke wa sufuria, kisiingie.

Hatua ya 1: Toa vyote uani

Kila kitu, hadi kijiko. Panga juu ya jamvi mafungu mawili: vya kila siku, na vya shughuli. Masinia makubwa, masufuria ya pilau ya watu hamsini, mabirika ya harusi: hivyo ni vya shughuli, havina haki ya kulala jikoni mwaka mzima. Vitafutie mahali pengine.

Hatua ya 2: Fungua njia ya upepo

Watu wengi huruka hapa wakakimbilia rangi, halafu wanalalamika jiko zuri lakini halikaliki. Upepo wa kaskazi unatoka kaskazini-mashariki, yaani kwa sisi wa mashariki ya Unguja unakuja moja kwa moja kutoka baharini. Simama jikoni saa nane mchana, mlango na dirisha wazi, shika utambi wa ubani unaofuka au kipande cha uzi mwepesi, uangalie unaelekea wapi. Ukisimama wima hauyumbi, upepo wako umezibwa.

Mara nyingi kilichoziba ni kabati refu lililosogezwa dirishani. Liondoe. Kisha tazama ukuta ulioelekeana na dirisha: hewa ikiingia lazima ipate pa kutokea, na hewa ya moto hupanda juu. Mwambie fundi akufungulie matundu mawili matatu karibu na paa, akutilie wavu wa mbu na kinga ya mvua ya masika. Kama unapikia gesi, hitaji tundu jingine chini, usawa wa sakafu, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama chini. Mtungi wenyewe, ukiweza, uweke nje kivulini na upitishe mpira ukutani.

Hatua ya 3: Paka chokaa

Naomba tukae hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo jiko linapogeuka.

Ukuta wa matumbawe unavuta unyevu kutoka ardhini na kuutoa polepole. Rangi ya mafuta inaufungia ndani, na baada ya msimu mmoja utaona rangi inavimba, inapasuka, inaanguka vipande. Chokaa inauacha ukuta upumue. Tena chokaa na ukuta ni ndugu: chokaa yetu ya asili hupatikana kwa kuchoma mawe hayo hayo ya matumbawe kwenye tanuu. Ukishaipaka, inavuta hewa ya ukaa kutoka angani na kurudi kuwa jiwe.

Tumia chokaa iliyokwisha zimwa, yaani iliyokwisha tiwa maji ikapoa. Chokaa mbichi ikikutana na maji huchemka na kurusha, kazi hiyo ya kuizima waachie mafundi. Hata iliyozimwa inaunguza macho na ngozi, kwa hiyo vaa glavu, vaa miwani, na watoto wakae mbali. Kwenye ndoo ya lita 20 tia chokaa kiasi cha theluthi, jaza maji, koroga, funika, ilale usiku kucha. Asubuhi koroga tena, chuja kwa kipande cha kanga chakavu, na uongeze maji mpaka iwe nyepesi kama maziwa. Nzito ukiipaka itapasuka.

Sugua ukuta kwa brashi kavu uondoe vumbi na masizi. Palipokuwa na rangi ya mafuta lazima pakwanguliwe, chokaa haishiki juu yake. Kisha nyunyizia ukuta maji hadi ulowe bila kuchuruzika, na upake kwa brashi pana. Usishtuke: mara ya kwanza hutaona kitu, ukuta unabaki kama umemwagiwa maji ya mchele. Rudi baada ya saa chache. Weupe unatokea wenyewe, kwanza kingo za mawe, halafu mabonde yake, mpaka ukuta mzima unang'aa. Paka mikono mitatu au minne, kila siku mkono mmoja, asubuhi mapema au jioni. Jua la mchana likiikausha haraka, chokaa inakuwa unga na kukushika nguoni kila ukiegemea. Kukiwa na joto sana, nyunyizia maji kidogo jioni.

Mkono wa mwisho, wazee walikuwa wakitia buluu ya kufulia kidogo ili weupe uwe na ubaridi wa asubuhi. Nami naipenda sana, ila jaribu kwanza nyuma ya mlango uache siku mbili, kwa sababu buluu nyingine za dukani hupauka zikikutana na chokaa. Nyuma ya jiko lenyewe, mafuta yanaporuka, weka vigae au bamba la chuma cha pua. Hapo chokaa haitakusaidia.

Rangi kali iache kwa mlango na fremu za dirisha tu: kijani cha bahari au buluu ya ngalawa. Moja, si zote mbili.

Hatua ya 4: Rafu na kamba

Kama ukuta wako una shubaka, yaani kishimo cha ukutani cha kuwekea vitu, umebahatika. Lipake chokaa ndani, uweke chupa za hiliki, mdalasini na karafuu, basi. Usilijaze.

Asiye na shubaka atumie ubao mmoja mrefu, usawa wa macho, upande usiopigwa na mvuke. Mbao za jahazi la zamani zinapendeza na zimeshazoea chumvi, lakini kagua mchwa na uchomoe misumari yenye kutu. Skrubu ziwe za shaba au chuma cha pua. Za kawaida zitalia kutu juu ya chokaa yako mpya na doa lake halitoki.

Chini ya ubao, funga kamba ya makumbi kutoka kona hadi kona. Wanaoishi Jambiani wameona kina mama wanavyofukia makumbi ya nazi kwenye mchanga wa pwani, maji kupwa maji kujaa, yakae miezi hadi yalainike, ndipo yafukuliwe, yapondwe na kusokotwa. Kamba iliyozaliwa kwenye maji ya chumvi haiogopi hewa ya chumvi. Ning'iniza hapo upawa, kata, kifumbu, mwiko na chujio. Acha nafasi ya kiganja kati ya chombo na chombo, kila kimoja kionekane umbo lake. Mbuzi ya kukunia nazi isimame chini, pembeni, meno yakiwa yameelekezwa ukutani.

Hatua ya 5: Nguo ya dirisha

Kanga moja inatosha dirisha la kawaida. Ikunje juu, ipitishe ufito, iishie kwenye kizingiti cha dirisha, isiburure. Chagua yenye mji mweupe au wa rangi nyepesi, kwa kuwa jua la kaskazi linapausha nyekundu na nyeusi haraka. Ukiipata yenye jina kama "Mgeni njoo mwenyeji apone", itundike jina lisomeke kutoka ndani. Dirisha likiwa juu ya jiko la moto, hapo hapana nguo kabisa, tia wavu tu.

Hatua ya 6: Majani na meza

Chungu kimoja cha mrehani na kimoja cha mchaichai, vikae karibu na mlango wa uani. Mchaichai unataka jua na maji mengi; mrehani unataka kukatwa kila mara usitoe mbegu. Toboa chungu chini.

Mezani weka sinia moja, na juu yake kawa ya ukindu. Kawa ndiyo pambo langu la kwanza katika jiko lolote: inafunika chakula nzi wasitue, hewa inapita chakula hakichachi upesi, na ikiwa haina kazi inatundikwa ukutani na rangi zake za zambarau na kijani zinaujaza ukuta mweupe bila kitu kingine. Mbili za ukubwa tofauti zinatosha.

MASWALI

Dada wa Tanga: Mwalimu, mimi nimepanga. Mwenye nyumba hataki msumari wala rangi. Nifanyeje?

Dada yangu, tumia nondo za dirisha. Funga mti mwembamba ulionyooka juu ya nondo kwa kamba ya makumbi, kisha tundika vyombo kwa ndoano za shaba. Rafu iwe ya kusimama yenyewe, uitie vigingi vya mbao chini isiyumbe. Usafi wa ukuta, kanga na kawa havihitaji ruhusa ya mtu.

Bi mmoja wa Wete: Shikamoo mwalimu. Ukuta wangu chini unatoa unga mweupe, nikifuta unarudi. Nimepaka rangi mara nyingi, haikai.

Marahaba mwanangu. Hiyo ni chumvi. Inatoka ardhini pamoja na unyevu, au imo ndani ya lipu yenyewe kama fundi alitumia mchanga wa pwani bila kuuosha. Maji yanakauka, chumvi inabaki juu. Usiuoshe kwa maji, utairudisha ndani. Ufagie kwa brashi kavu na uuzoe utupe nje. Kisha mtazame fundi mwashi: kama sehemu ya chini imepigwa lipu ya saruji, ibanduliwe, ukuta uachwe wazi ukauke kaskazi yote, halafu upigwe lipu ya chokaa na mchanga usio wa pwani. Chumvi bado itatoka miaka ya mwanzo, utaifagia, utapaka chokaa upya kila mwaka. Angalia pia nje: maji ya paa yanaangukia wapi? Yakitua kwenye msingi, hakuna rangi duniani itakayokaa. Chimba mfereji kwanza.

Kaka wa Kilifi: Nataka kupanga makombe na matumbawe kwenye rafu, watalii wanayapenda. Unaonaje?

Kaka, naomba usifanye hivyo. Konokono wale wakubwa wenye gamba refu lililochongoka ndio wanaokula kiti cha pweza (samaki-nyota) mwenye miiba, yule anayekula matumbawe. Kila gamba linalouzwa ni mlinzi mmoja aliyetolewa mwambani. Matumbawe magumu na yale makombe makubwa sana yamo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, na mgeni wako akiyavusha mpaka bila kibali anaingia matatani. Badala yake weka vifuu vya nazi vilivyosuguliwa hadi ving'ae, chupa za kioo cha kijani, au boya la zamani la wavuvi.

Mama wa Muscat: Sisi huku joto letu ni Juni hadi Agosti, linapita digrii 40, madirisha tunafunga na kiyoyozi kinawaka. Hili somo linatufaa?

Linakufaa nusu, mama. Suala la upepo liache, lako ni kuzuia jua: dirisha la magharibi litie pazia zito lenye bitana nyeupe, na kanga uitandike mezani isipauke. Ukindu ndani ya kiyoyozi hukauka ukakatika, kwa hiyo kawa na vikapu vifute kwa kitambaa kibichi mara kwa mara. Mrehani uupande Oktoba, utaufurahia mpaka joto lirudi.

Binti wa Bagamoyo: Paa letu ni mabati, jiko linawaka hata kabla ya kuwasha moto. Nitandike mikeka kama dari?

Mikeka na makuti karibu na moto usithubutu. Pakeni mabati rangi nyeupe kwa nje, yatarudisha sehemu kubwa ya jua. Muacheni uwazi kati ya ukuta na paa, mtie wavu. Ikiwezekana, mkaa upikiwe uani chini ya kivuli, ndani ibaki kazi ya kuandaa.

Dada wa Tanga, tena: Kawa niliyorithi imeota ukungu. Nitupe?

Usitupe! Ipanguse kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, pande zote mbili, hasa kwenye mishono. Ianike kivulini penye upepo mpaka ikauke kabisa, halafu ipate jua la asubuhi saa moja tu, rangi zisipauke. Masika yakija itundike, usiilaze sakafuni wala kuifungia kabatini.