Jinsi ya Kusoma Maneno ya Kiingereza cha Zamani Bila Kupotoshwa na Maana za Leo

Katika kazi ya kutafsiri matini za zamani nimejifunza kwamba neno geni halimpotezi mtafsiri. Anapokutana na "peradventure" au "betwixt" anajua kwamba hajui, hivyo anafungua kamusi na kukuta kwamba la kwanza ni "labda" na la pili ni "baina ya". Linalompoteza ni neno alilolizoea tangu shuleni, ambalo miaka 400 iliyopita lilibeba maana nyingine kabisa. Mwongozo huu unahusu zaidi maneno ya aina hiyo.

Hatua ya kwanza: Thibitisha mwaka wa matini

Tafuta mwaka ambao matini iliandikwa, si mwaka ambao nakala yako ilichapwa. Biblia ya Mfalme James ilitoka mwaka 1611, lakini nakala nyingi zinazouzwa leo zinafuata tahajia iliyosawazishwa mwaka 1769. Herufi zinaonekana za kisasa, ilhali maana zimebaki zilezile za 1611, na hapo ndipo jicho linapodanganyika. Uandike mwaka huo juu ya ukurasa wa daftari lako kabla hujagusa kamusi yoyote.

Hatua ya pili: Weka alama kwenye maneno uliyoyazoea yasiyokaa vizuri

Chukua Wathesalonike wa Kwanza 4:15, ambapo matini ya 1611 inasema kwamba walio hai "shall not prevent" wale waliolala. Kwa Kiingereza cha leo "prevent" ni kuzuia, na ukiandika "hatutawazuia" sentensi yako haitakuwa na kosa la sarufi. Jiulize hata hivyo: hatutawazuia kufanya nini? Sentensi haijibu, na ukimya huo ndio dalili ya kutafuta. Neno hilo lina asili ya Kilatini, lenye maana ya kuja kabla, na katika karne ya 17 maana ya kutangulia ilikuwa bado hai. Biblia ya Kiswahili ya Union, iliyokamilika mwaka 1952, ina "hatutawatangulia", na hoja nzima ya mtume Paulo inanyooka.

Fanya vivyo hivyo na "meat" katika Mwanzo 1:29, ambapo Mungu anawapa wanadamu mimea na matunda yawe "meat". Haiwezi kuwa nyama, maana hapo hakuna mnyama anayetajwa kuliwa. Neno hilo lilikuwa na maana ya chakula chochote. Nalo "wherefore" la Juliet akimlilia Romeo katika tamthilia ya Shakespeare huuliza "kwa nini", wala si "wapi".

Hatua ya tatu: Chagua kamusi inayolingana na mwaka

Kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755 na ile ya Noah Webster ya mwaka 1828 zinasomeka bure kwenye intaneti, na zote mbili ziliandikwa na watu waliokuwa karibu na lugha hiyo kuliko sisi. Ukisoma picha za kurasa za Johnson, zingatia kwamba herufi "s" ndefu ya wakati ule inafanana sana na "f". Kamusi kubwa ya Oxford, ambayo sehemu yake ya kwanza ilichapishwa mwaka 1884 na ya mwisho mwaka 1928, hupanga maana kuanzia ile ya kale zaidi, tofauti na kamusi za wanafunzi zinazotanguliza maana iliyoenea leo. Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, kama ile ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) ya mwaka 1996, iache iwe ya mwisho: ikusaidie kupata neno la Kiswahili baada ya maana kujulikana.

Hatua ya nne: Soma kidahizo hadi mwisho

Kidahizo ni neno lililoorodheshwa katika kamusi, pamoja na maelezo yake; usiishie kwenye maana ya kwanza. Kifupisho "arch." kinaonyesha neno la kizamani ambalo bado hutumiwa kwa makusudi maalumu, na "obs." kinaonyesha neno au maana iliyokwisha kuachwa. Angalia pia tarakimu ndogo zinazotenga maneno yanayofanana kwa umbo tu, kama tunavyotenga paa la nyumba na paa wa porini. "Let" ni maneno mawili ya namna hiyo: moja ni kuruhusu, jingine ni kuzuia. Hamlet, katika tamthilia ya Shakespeare yenye jina hilo, anaposhikwa na wenzake asiufuate mzuka wa baba yake, anaapa kumgeuza kuwa mzuka mtu yeyote "that lets me", yaani yeyote atakayemzuia. Ukiandika "atakayeniruhusu" umeupindua mchezo mzima. Neno hilo la pili bado limo katika pasipoti ya Uingereza, inayoomba mwenye nayo apite "without let or hindrance".

Hatua ya tano: Pima viwakilishi

Hapa Kiswahili kinatupa faida ambayo Kiingereza cha leo kimeipoteza. Katika Biblia ya 1611 "thou" na "thee" ni mtu mmoja, "ye" na "you" ni wengi. Katika Luka 22:31-32 Yesu anamwambia Simoni kwamba Shetani amewataka "you", kisha kwamba yeye amemwombea "thee". Msomaji wa Kiingereza wa leo huweza kupita bila kuona kitu, ilhali sisi tunasoma "amewataka ninyi" na "nimekuombea wewe", na tofauti kati ya mitume wote na Simoni peke yake inabaki wazi. Kwa Shakespeare usitumie kanuni hiyo, kwa sababu kwake "you" mara nyingi ni heshima kwa mtu mmoja.

Hatua ya sita: Jaribu maana hiyo mahali pengine pa kipindi hichohicho

Mwanzoni mwa kazi yangu nilitafsiri barua za mmisionari wa karne ya 19, na kila "presently" niliigeuza kuwa "kwa sasa". Mhariri aliyenizidi umri aliniuliza iweje mtu aliyetumwa "kwa sasa" awe amekwisha kurudi mstari unaofuata. Katika Mathayo 21:19 ya mwaka 1611, mtini unanyauka "presently", yaani papo hapo. Kufikia wakati wa barua zile neno lilikuwa limelegea, likawa mara nyingi "baada ya muda mfupi". Nililinganisha barua moja na nyingine hadi maana hiyo ikakaa kila mahali, kisha nikarudi ukurasa wa kwanza na kuanza kusahihisha.