Kuchapa chati ya bahari kutoka faili ya PDF bila kuharibu vipimo

Data ya chati ikiwa sahihi, makosa mengi huingia njiani: kwenye simu, kwenye kompyuta ya steshenari, au kwenye plota (printa kubwa ya michoro) yenyewe. Mfano wetu ni NOAA, idara ya bahari na anga ya Marekani, iliyomaliza kuondoa chati zake za jadi za karatasi kufikia Januari 2025. Sasa mtumiaji hujitengenezea PDF bure kutoka data ya chati za kielektroniki, kupitia huduma yao ya NOAA Custom Chart. Huduma hiyo ni ya maji ya Marekani tu. Chati za Uingereza, ambazo hutumika sana pwani yetu, zina hakimiliki, kwa hiyo zinunue kwa wakala anayekuchapia.

1. Chagua skeli na karatasi pamoja. Kwa ghuba ya Chesapeake, 1:40,000 kwenye A1 (milimita 594 kwa 841) hukupa takriban maili 13 kwa 18 za baharini, kabla ya kutoa pambizo. Ukitaka eneo kubwa zaidi, chukua A0. Usipunguze skeli ili mradi karatasi itoshe, maana utapoteza vina vya kwenye mlango wa bandari, na hapo ndipo unapovihitaji. Kipimo cha kina kiwe mita, na karatasi zote za safari zilingane.

2. Hamisha faili kama faili. Ukiituma WhatsApp, itume kama hati, usiitume kama picha. Kwenye chati ya mita, kina cha mita 8.2 huandikwa 8 ikifuatiwa na 2 ndogo iliyoshuka chini kidogo. Picha ikibanwa, ile 2 hufifia au huonekana imesimama sambamba na 8, na msomaji akasoma 82. Flashi ni salama zaidi.

3. Mwagize fundi achape kwa asilimia 100. Programu nyingi hujipangia kuibana kazi itoshee karatasi. Chati ikipungua sawasawa pande zote, bado utapima umbali kwa bikari kwenye ukingo wa latitudo, ila skeli iliyoandikwa itakuwa si kweli na maandishi yatakuwa madogo. Balaa ni kuvutika upande mmoja tu. Karatasi ikirefuka kwa asilimia 2 kaskazini-kusini peke yake, mwelekeo wa digrii 45 hukosea zaidi ya nusu digrii. Ukiwa umbali wa maili 10, hiyo ni karibu mita 180. Husababishwa na plota isiyorekebishwa kwa aina ya karatasi, au karatasi iliyonyonya unyevu.

4. Chapa kwa rangi. Majenta (nyekundu inayoelekea zambarau) hutumika kwenye taa na mipaka kwa sababu huonekana hata chini ya taa nyekundu ya usiku. Ukichapa nyeusi na nyeupe, mpaka wa eneo lililokatazwa unafanana na mistari mingine yote.

5. Karatasi na wino. Tumia karatasi isiyong'aa ya gramu 120 au zaidi. Ile nyepesi ya michoro ya nyumba huchanika kwenye kunjo, na ya kung'aa haishiki penseli. Uliza kama wino ni wa pigmenti, yaani wa chembe za rangi zisizoyeyuka. Wino wa rangi ya kuyeyuka huchuruzika kwa tone moja la maji. Jaribu kwenye kipande kwanza: chora kwa penseli 2B, futa, kisha paka maji kwa kidole.

6. Pima kabla ya kulipa. Iache ikauke ikiwa imelazwa. Chukua rula ya chuma. Kwa skeli ya 1:40,000, dakika 5 za latitudo zinapaswa kuwa karibu milimita 231. Kwenye latitudo 39, ya Chesapeake, dakika 5 za longitudo ni karibu milimita 180. Zote mbili zikipungua kwa kiwango kimoja, faili ilibanwa. Moja ikiwa sawa na nyingine imekosea, karatasi imevutika: rudisha.

7. Andika tarehe ya faili pembeni kwa kalamu. NOAA husahihisha data kila wiki, na boya lililohamishwa halitajisogeza kwenye karatasi yako. Kabla ya safari, tengeneza PDF mpya na ulinganishe maboya na taa za njia yako. Meli inayobanwa na SOLAS (mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini) lazima ibebe chati rasmi zilizosahihishwa. Karatasi hii ni ya akiba. Ihifadhi kwa kuiviringisha, picha ikiwa nje, ili ukingo ukae chini mezani.