Msindano si kuvumwani: pima kina cha udongo kabla ya kupanda

Kila msimu wa kupanda ukikaribia, kuanzia Makete hadi Mufindi, huku nyanda za juu kusini mwa Tanzania, nasikia kauli ileile: "Kwenye mawe hakufai mahindi, tuweke misindano," yaani miti ya paini. Mkulima mmoja alinionyesha mwamba wenye mabaka ya kijivu, akasema jiwe linaloota kitu haliwezi kuushinda mti.

Mabaka yale ni kuvumwani, yaani kuvu na mwani wanaoishi pamoja. Mwani hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua, kuvu hushikilia jiwe. Haina mizizi. Kiangazi hukauka ikalala, ukungu ukirudi ikaamka, na nyingi ya zile zilizogandamana na jiwe hukua milimita chache tu kwa mwaka. Patula, aina ya msindano, penye ardhi nzuri huweza kurefuka mita nzima na zaidi, na maji ya mwili wote huo hutoka udongoni. Hata kuvu wake rafiki huishi mizizini. Ndiyo maana kitaluni tunachanganya udongo wa chini ya misindano ya zamani.

Ubaya ni kwamba miaka ya mwanzo shamba la kwenye mwamba hupendeza. Baadaye mizizi inagonga jiwe, kiangazi kinakausha miti, upepo unaing'oa. Hapo palizi na fedha za miche zimekwisha kupotea.

Chukua nondo ya milimita 12, itie alama kwenye mita 1. Pima baada ya mvua za kwanza, kwa sababu udongo mkavu utakudanganya kuwa ni mwamba. Pima kila baada ya hatua 10, na ikikwama jaribu pembeni mara tatu, huenda ni jiwe dogo. Ikizama hadi alama, panda. Ikikwama kabla ya sentimita 50, paachie nyasi na mizinga ya nyuki. Usipime sehemu moja ukarudi nyumbani! Na acheni kuchonga mwamba kwa mtaimbo: shimo hilo ni chungu tu, mizizi itazunguka humo na maji yatatuama.

Panapofaa, shimo ni sentimita 30 kila upande na kina kilekile, nafasi mita 3 kwa 3, takribani miche 450 kwa ekari. Panda Desemba hadi katikati ya Januari, unyevu ukishafika sentimita 30 chini. Kiriba, yaani mfuko wa plastiki wa mche, chote kitoke, siyo kuchanwa kitako tu.

Mche ulioshika hutoa sindano mpya kileleni. Ulionyauka, panda mwingine mahali pake mvua zikiwa bado zinanyesha.