Mambo ya kuzingatia kabla jumuiya yenu haijafungua meza ya kodi ya bure

Anzeni na jina. Mpango wa IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, wa kuwajazia ritani (fomu ya kodi ya mwaka) bila malipo watu wenye kipato cha chini na cha wastani unaitwa VITA. Hicho ni kifupi cha maneno ya Kiingereza, na mpango wenyewe una umri mkubwa, tangu 1969. Lakini Mkongomani akiona bango kwenye mlango wa kanisa limeandikwa "VITA, Jumamosi saa nne asubuhi", yeye anasoma vita. Na wengi wa wenzake wanaoishi katika miji ya Marekani kama Louisville, Des Moines, Dayton au Portland walifika huko kwa sababu ya vita. Bango liandikwe "Msaada wa kujaza ritani ya kodi, bila malipo". Jina la VITA libaki kwenye barua zenu na IRS.

Pili, mwaka wa kwanza msifungue kituo chenu. Nendeni mkajiunge na kituo kilichopo, pelekeni wakalimani na wajazaji wenu pale, mjifunze msimu mzima. Kituo kipya kinahitaji namba ya kutuma ritani kwa mtandao, iitwayo EFIN, na kibali chake kinaweza kuchukua hadi siku 45. Kinahitaji pia mratibu aliyefunzwa, kompyuta zenye ulinzi, na makubaliano na ofisi ya IRS inayosimamia washirika, SPEC. Ritani zinaanza kupokelewa mwishoni mwa Januari. Jumuiya inayokumbuka jambo hili baada ya Krismasi imeshachelewa. Mkitaka ruzuku ya VITA, kwa kawaida maombi hufunguliwa Mei, na ruzuku hiyo hudai nanyi mchangie dola kwa dola.

Mafunzo. Yanapatikana bure kwenye mtandao wa IRS kwa jina la Link & Learn Taxes, na mtihani uko humo humo. Kila anayejitolea, hata anayepokea watu mlangoni, hata mkalimani, lazima afaulu mtihani wa maadili na kusaini Fomu 13615 ya kukubali maadili hayo kabla ya kukaa na mteja wa kwanza. Mratibu anaangalia kitambulisho chake na kusaini pia. Mjazaji na mkaguzi wanaongeza mtihani wa mahojiano na ukaguzi, kisha mtihani wa sheria ya kodi wa ngazi ya msingi au ya juu. Alama ya kufaulu ni asilimia 80, na nafasi ni mbili. Usimkimbize mtu kwenye mtihani. Mpe wiki nne au tano, jioni mbili kwa wiki, na ajaze ritani za mazoezi kwenye programu yenyewe. Anayefaulu kwa kusoma tu huganda akiona W-2 (fomu ya mshahara kutoka kwa mwajiri) ya kwanza yenye herufi asizozijua kwenye kisanduku cha 12.

Chapisho 4012 la IRS liwe mezani, limechapishwa, na limefunguka. Ndicho kitabu cha kazi. Anayejibu kwa kukumbuka mwaka jana anakosea, kwa sababu viwango hubadilika kila mwaka.

Vifaa: laptopu zenye nywila na diski iliyofungwa kwa usimbaji, printa, kabati lenye kufuli, na intaneti yenye nywila yake, siyo ile ya wazi ya ukumbi. Meza zipangwe ili mteja mmoja asisome skrini ya mwenzake. Hesabu ya watu iwe hivi: wajazaji watatu kwa mkaguzi mmoja, na ritani moja yenye ukalimani ipewe saa moja na nusu. Kwa saa nne mtamaliza familia saba au nane. Msiandikishe ishirini. Anayekaa tangu asubuhi na kurudishwa nyumbani harudi tena. Anakwenda kwa mtu wa mtaani anayemkata dola mia tatu na kukataa kusaini ritani aliyoijaza.

Hakuna ritani inayotoka bila mkaguzi wa pili, na mteja akiwa amekaa pale pale. Aliyejaza haruhusiwi kujikagua. Mteja anasaini Fomu 8879, ya kuruhusu ritani itumwe, baada ya kuelezwa kilichomo, siyo kabla. Karatasi ya mahojiano, Fomu 13614-C, ijazwe yote. Kila kisanduku kilichoachwa wazi kiulizwe kwa mdomo.

Majina yafuate kadi ya Social Security, hifadhi ya jamii ya Marekani, herufi kwa herufi. Watu wetu wana majina matatu, na faili la ukimbizi mara nyingi limeyapindua: jina la babu limekuwa la ukoo, la ubatizo limekwenda katikati. Ukiandika lile analoitwa nyumbani, kompyuta ya IRS inairudisha ritani. Tarehe ya kuzaliwa vilevile. Wengi wamepewa 1 Januari, na kila mtu anajua si kweli, lakini ndiyo iliyoko Social Security na ndiyo itakayolinganishwa. Anayetaka kurekebisha aanzie ofisi ya Social Security, siyo kwenye ritani.

Sasa fika penye shimo kubwa, ambalo mafunzo ya Kiingereza hayawezi kukuonyesha: neno ndugu.

Nafuu ya kodi iitwayo EITC ndiyo fedha kubwa kuliko zote kwa familia ya kipato kidogo. Kwa ritani za mwaka wa kodi 2024 ilifika dola 4,213 kwa mwenye mtoto mmoja, 6,960 kwa wawili, na 7,830 kwa watatu au zaidi. Sheria imeorodhesha nani anahesabika. Ni mtoto wa kumzaa, wa kambo, wa kuasili kisheria, au wa kulelewa aliyekabidhiwa kwako na mahakama au shirika lenye mamlaka. Ni kaka au dada yako, hata wa baba mmoja tu au mama mmoja tu, hata wa kambo. Na ni uzao wa hao wote, yaani mjukuu, mtoto wa kaka, mtoto wa dada. Binamu hayumo. Mtoto wa binamu hayumo.

Kiswahili hakigawi hivyo. Mtoto wa baba mdogo ni kaka yako. Mtoto wa mama mkubwa ni dada yako. Ukimwita binamu mbele ya wazee unaonekana unamsukuma nje ya nyumba. Kwa hiyo baba anakuja na watoto watatu: wawili wa kuzaa, na binti wa miaka kumi ambaye ni "mtoto wa kaka yangu, marehemu". Mkalimani anatafsiri sawasawa. Mjazaji anaandika mtoto wa kaka, na mtoto wa kaka yumo kwenye orodha. Programu inakubali kwa sababu namba ya Social Security ni sahihi. Mkaguzi analinganisha ritani na karatasi ya mahojiano, anakuta vinaafikiana. Hakuna aliyedanganya. Ritani inatumwa.

Kisha inakuja barua ya IRS iitwayo CP75. Fedha za kurudishiwa (marejesho) zenye EITC zimezuiliwa, na familia ina siku 30 kuonyesha kwamba watoto ni wao kwa mujibu wa sheria. Kwa yule binti, IRS inataka vyeti vya kuzaliwa vinavyounganisha: cha mtoto kinachomtaja baba yake, kisha cha huyo baba na cha mlipakodi vinavyoonyesha mzazi mmoja. Hapo ndipo inapojulikana kwamba marehemu alikuwa mtoto wa baba mkubwa. Binti anatolewa. Pango la nyumba lililokuwa likingoja marejesho hayo halijalipwa. IRS ikikata nafuu hiyo, mara ya pili baba akitaka kuidai atalazimika kujaza Fomu 8862. Ikiamua alipuuza kanuni kwa makusudi, anafungiwa miaka miwili. Ikiona udanganyifu, kumi. Na mtaani habari inasambaa kwamba meza ya kanisa imemharibia mtu kodi.

Kinachouma ni kwamba binti huyo alikuwa na mlango wake. Kama ameishi nyumbani humo mwaka mzima, baba akamlisha na kumvisha zaidi ya nusu ya gharama zake, na yeye mwenyewe hana kipato cha kufikia kikomo (kwa 2024 kilikuwa dola 5,050), anaandikwa mtegemezi wa aina nyingine, na kuna nafuu ya dola 500 ya kupunguza kodi. Ni ndogo, lakini hailetei mtu barua.

Dawa ni kutouliza "ni nani wako?" Uliza "Mama yake mzazi nani? Baba yake mzazi nani?" Kisha panda ngazi moja: "Wewe na huyo baba, mmezaliwa na mama mmoja? Na baba je?" Jibu likiwa "baba zetu ni ndugu", umeshapata ukweli. Chukua karatasi, chora viduara, mteja aonyeshe kwa kidole. Wazee hupenda kuchorewa, na mara nyingi husahihisha wenyewe. Kama wanandoa wanajaza ritani ya pamoja, uliza upande wa mke pia. Mtoto wa dada wa mke anahesabika. Na mtoto "tuliyemlea tangu kambini" bila karatasi ya mahakama wala ya shirika si mtoto wa kulelewa kwa maana ya sheria hii, hata kama hajui mama mwingine. Litamke kwa upole. Tenga saa mbili za mafunzo kwa jambo hili peke yake, wakalimani na wajazaji pamoja, na mfanye mazoezi ya familia za kubuni zenye watoto saba au wanane.

Ukishajua undugu, uliza mtoto alilala wapi. Sheria inataka zaidi ya nusu mwaka, chini ya paa lako, ndani ya Marekani. Mwambie mzazi aombe mapema barua ya shule au ya kliniki yenye jina la mtoto, anwani na tarehe; ndizo karatasi IRS inazoziamini. Familia iliyotua Agosti haina nusu mwaka. Zaidi ya hapo, aliyefika katikati ya mwaka mara nyingi huhesabiwa mgeni kwa sehemu ya mwaka na mkaazi kwa sehemu iliyobaki, na ritani ya namna hiyo iko nje ya mipaka ya VITA. Mwelekezeni kwa mhasibu mwenye leseni. Msijaribu.

Ndoa ina mtego wake. "Tumeachana" inaweza kuwa talaka ya mahakama, inaweza kuwa mmoja amehamia Texas, inaweza kuwa ugomvi wa wiki iliyopita. Uliza kama kuna hukumu ya mahakama. Mke aliyebaki kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Nakivale au Kakuma bado ni mke, na mumewe haandikwi kwamba hajaoa. Kesi za namna hii zote ziende kwa mratibu kabla mjazaji hajagusa kitufe.

Mkalimani asiwe mtoto wa mteja. Baba hatasema mbele ya binti yake kwamba anamtumia fedha mke wa pili, na binti hajui tofauti ya W-2 na 1099, fomu ya kipato kisicho mshahara. Asiwe pia jirani anayejulikana kwa maneno. Mteja apewe nafasi ya kumkataa mkalimani bila kueleza sababu.

Madereva wa Uber na DoorDash waambiwe tangu Desemba walete hesabu ya maili. Maili moja ya kazi mwaka 2024 ilikuwa senti 67, na bila daftari hakuna cha kuandika. Wengi hawajui kwamba anayejiajiri analipa asilimia 15.3 ya karibu faida yote kwa ajili ya Social Security na Medicare (bima ya afya ya wazee) juu ya kodi ya kawaida. Wanakuja wakitarajia marejesho, wanakuta deni. Gharama za biashara zikizidi dola 35,000, au biashara ikiwa na hasara au wafanyakazi, hiyo si kazi ya VITA.

Fedha ziingie kwenye akaunti yenye jina la mlipakodi mwenyewe. Siyo ya mchungaji, siyo ya mwenyekiti wa jumuiya, na kamwe siyo ya anayejitolea, hata mteja akiomba kwa machozi. Serikali imeanza kuondoa hundi za karatasi tangu 30 Septemba 2025, kwa hiyo asiye na akaunti asaidiwe kufungua moja kabla ya msimu. Na mwambieni mapema kwamba marejesho yenye EITC hayatoki kabla ya katikati ya Februari, ritani iwe imetumwa lini.

Msikubali zawadi mezani, hata chakula chenye bahasha chini yake. Msipige picha hati za mteja kwa simu zenu, msitume W-2 kwenye kundi la WhatsApp. Msimwahidi mtu chochote kuhusu uhamiaji. Mpeni namba ya mwanasheria. Kila mteja aondoke na nakala ya ritani yake ndani ya bahasha, na juu yake pameandikwa kwa Kiswahili: barua yoyote ya IRS ikija, usiitupe, usingoje, ilete. Kwa hiyo wekeni mtu wa kuzipokea hata Julai, wakati meza imeshafungwa, na muwe na anwani ya kliniki ya walipakodi wa kipato cha chini, LITC, iliyo karibu nanyi, kwa sababu nyingine zitakuwa nzito kuliko uwezo wenu.