Onyesho moja la Bagamoyo, 1889: anza na mwezi, si na Stanley

Unaandika riwaya ya kihistoria na unataka onyesho lake lisipingane na mambo yalivyokuwa. Tuchukue jioni ya 4 Desemba 1889. Stanley, mvumbuzi wa Kizungu, na Emin Pasha, gavana aliyekwenda kumwokoa, wamefika kutoka bara, Wajerumani wamewafanyia karamu, na usiku huo Emin anaanguka kutoka ghorofani. Hayo yanajulikana, yaache nyuma. Mbele mweke mtu wa kubuni mwenye shida yake: mpagazi anayedai ujira, au mama anayemsubiri mwanawe atoke baharini.

Hatua ya 1: tafuta mwezi. Jua lilipatwa tarehe 22 Desemba mwaka huo, na jua hupatwa mwezi unapoandama tu. Rudi nyuma siku kumi na tano: mwezi mpevu ni kama tarehe 7. Basi tarehe 4 mwezi uko juu tangu magharibi. Ukiandika "giza totoro", msomaji wa pwani atakufungia kitabu.

Hatua ya 2: maji. Hapa ndipo wengi huzama. Pwani yetu siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na kila siku huchelewa kwa robo tatu ya saa hivi. Siku tatu kabla ya mwezi mpevu, basi, yamejaa yapata saa nane mchana, na kufikia Isha yamekupwa. Ufuko wa Bagamoyo ni wa kina kifupi, chombo kinakaa mchangani. Kwa hiyo mtoto wa yule mama hawezi kushuka chomboni gatini usiku huo. Atatembea matopeni, na hilo lenyewe ni onyesho. Upepo nao ni kaskazi, wa kutoka kaskazini, unaoanza. Kusi, wa kutoka kusini, usiutaje.

Hatua ya 3: siku. Kwa Mswahili siku huanza magharibi. Tarehe 4 ilikuwa Jumatano, lakini karamu hiyo wenyeji wataiita ya usiku wa Alhamisi. Mpagazi hahesabu dakika. Anasema "baada ya Isha".

Hatua ya 4: mkononi na begani. Ujira ni rupia na pesa, pesa 64 kwa rupia moja. Heller, senti za Wajerumani, ni za 1904. Mzigo wa mpagazi ni kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Mtu aliyeubeba toka Unyamwezi hakimbii akifika, hata kama njama ya kisa chako inamtaka akimbie. Nguo ni merikani, yaani pamba isiyotiwa rangi, na kaniki, yaani kitambaa cheusi. Boma la Wajerumani unalolipiga picha leo lilijengwa 1897, lifute. Misheni ipo tangu 1868, ibaki.

Hatua ya 5: andika. Kurasa mbili kwa siku zinatosha, bila kufungua daftari la utafiti. Usichokijua kiwekee alama, mfano XX bei ya samaki XX, uendelee. Ukisimama kutafuta bei, asubuhi imekwisha na hujapata hata sentensi. Jioni tafuta XX zako. Ile isiyopatikana, geuza sentensi: mama asitaje bei, akatae tu.

Hatua ya 6: soma mazungumzo kwa sauti. "Masalkheri" inapita. "Mambo vipi" inang'oa jino. Ila usiwajaze Kiarabu kila mstari. Mpagazi Mnyamwezi ana Kiswahili chake cha njiani, kifupi na chenye makosa, na mama wa mjini atamcheka.