Kabla hujaipa akili mnemba mkataba wako: mwongozo kwa watu wa Unguja na Pemba

Chukua mkataba wa kukodi fremu Darajani: kurasa nne, umepigwa picha kwa simu, mhuri wa sheha umekaa juu ya tarehe. Ukiupakia kwenye programu ya akili mnemba, muda si mrefu unaletewa muhtasari uliopangika vizuri, kodi hapa, muda pale, wajibu wa kila upande. Sehemu kubwa huwa sawa. Tabu ni kwamba sehemu iliyokosewa imeandikwa kwa yakini ileile, na mara nyingi ndiyo yenye pesa.

Programu hizi zinafaa kutafuta kifungu, kulinganisha rasimu mbili na kukuandalia maswali. Kukwambia kama mkataba unasimama kwa sheria za Zanzibar, hapo hazifai. Mwongozo huu ni wa namna ya kuzitumia bila kuvuka mpaka huo.

Tayarisha karatasi

Programu haisomi picha kama wewe. Kwanza inageuza picha kuwa herufi, na kosa linaloingia hapo halitoki tena. Wino wa mhuri ukipita juu ya 7 inaweza kutoka 1. Kwa hiyo piga picha ukurasa mmoja mmoja, mchana, karatasi imelala bapa. Kisha iambie programu ikuandikie maandishi yote neno kwa neno, na uyalinganishe na karatasi kabla ya kuuliza swali lolote. Anza na tarakimu: kodi, tarehe, ukubwa wa eneo, namba ya kiwanja. Kiasi kikiwa kimeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, hakikisha vyote viwili vimetoka na vinakubaliana.

Hesabu kurasa. Mkataba ukisema "kama inavyoonekana katika Kiambatisho B" na wewe hukukipakia, programu nyingi hazitakuuliza kiko wapi. Zitaendelea tu kama vile zimekiona.

Ondoa majina, namba za ZanID, simu na akaunti za benki. Weka "Mwenye Nyumba" na "Mpangaji". Baadhi ya huduma za bure hutumia unachoandika kuzifundishia programu zao, isipokuwa ukizima ruhusa hiyo kwenye mipangilio. Mkataba una siri za watu wawili, na mmoja wao hukumuomba ruhusa.

Sheria ya Bara kwenye karatasi ya Zanzibar

Hili ndilo kosa kubwa, na halionekani kwa asiyelijua. Programu zimejifunza kutokana na maandishi ya mtandaoni, na ukitaja Tanzania humo, kinachotajwa mara nyingi ni Bara. Ardhi, ajira na mikataba ya kawaida si mambo ya Muungano. Zanzibar ina sheria zake, lakini programu ikishaona neno "Tanzania" huchota za Bara bila kukwambia.

Ukiuliza kuhusu kiwanja cha Paje ukajibiwa kwa Sheria ya Ardhi Namba 4 ya 1999, au ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka huohuo, jibu lote litie shaka. Hizo ni za Bara. Huku kuna Sheria ya Umiliki wa Ardhi Namba 12 ya 1992, na mgogoro huenda Mahakama ya Ardhi iliyoundwa kwa sheria ya 1994. Ukitumwa "Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya", ujue umevushwa bahari.

Mkataba wa kazi ya hoteli Nungwi ni vivyo hivyo. Programu itakutajia sheria ya ajira Namba 6 ya 2004 na kukupeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wakati ya Zanzibar ni Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005. Itasema michango ya hifadhi ya jamii iende NSSF, na wewe mwajiri wako anachangia ZSSF. VAT itaipigia asilimia 18 ya Bara, na hali Zanzibar ina sheria yake ya VAT tangu 1998, na kiwango chake cha kawaida ni asilimia 15.

Kuandika "mkataba huu ni wa Zanzibar" mwanzoni mwa swali kunasaidia kidogo. Ubaya wake ni kwamba programu isipokuwa na maandishi ya kutosha ya huku, badala ya kukiri inaweza kubuni. Mwaka 2023 mahakama ya shirikisho mjini New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha hukumu zilizobuniwa na ChatGPT, katika kesi dhidi ya shirika la ndege la Avianca. Hata programu zilizotengenezwa kwa ajili ya mawakili, zilipopimwa na watafiti wa Stanford mwaka 2024, zilitoa majibu ya kubuni kati ya asilimia 17 na 33. Hizo zilipimwa kwa sheria za Marekani, ambazo zimejaa mtandaoni. Fikiria za kwetu.

Kila sheria au hukumu unayotajiwa, itafute mwenyewe kwenye ZanzibarLII au TanzLII, tovuti za bure za sheria na hukumu. Usipoiona, ifute kwenye maelezo yako.

Maneno yanayopotezwa njiani

Programu nyingi hufikiri vizuri zaidi kwa Kiingereza, na Kiswahili cha mikataba ya visiwani kina maneno yasiyovuka salama. Kilemba cha duka ni pesa ya kuingilia anayolipa mpangaji, lakini kinaweza kurudi kama nguo ya kichwani, au kikaachwa kabisa kwenye hesabu ya gharama. Kwenye mkataba wa kukodi mikarafuu Pemba, pishi ni kipimo, vibaba vinne. Muhtasari ukizungumzia upishi, anza upya. Angalia pia kama karafuu na makonyo, yaani vikonyo vyake, vimetenganishwa, maana bei zake si moja.

Saa ndiyo mtego wa kila siku. "Funguo zitakabidhiwa saa nne asubuhi" inaweza kugeuzwa saa kumi usiku, yaani nne ya Kizungu. Na kwenye hati za zamani, hasa za wakfu, muda huhesabiwa kwa mwezi mwandamo. Kodi ya kila Mfunguo Mosi haina tarehe moja kwenye kalenda ya ukutani, na miaka kumi ya Kiislamu ni pungufu kwa siku 108 hivi. Programu itahesabu miaka kumi kamili bila wasiwasi wowote.

Mkataba ukiwa na nakala mbili, Kiswahili na Kiingereza, pakia zote na utafute kifungu kinachosema ipi inashinda zikipingana. Kisipokuwepo, hilo ni swali la kwanza la wakili.

Namna ya kuuliza

Usiulize "mkataba huu ni mzuri?" Programu hupenda kukuridhisha. Agiza hivi:

"Orodhesha kila kifungu kinachotaja pesa, muda au kuvunja mkataba. Kwa kila kimoja nakili maneno yenyewe na namba ya kifungu. Usieleze. Kama hakipo, andika HAKIPO."

Ukishapata nakala hizo, zitafute moja moja kwenye karatasi. Nukuu isiyopatikana ni ya kubuni. Kisha fungua mazungumzo mapya, uliza tena lilelile. Majibu mawili yakitofautiana, hapo ndipo pa kusoma kwa macho yako.

Kwa nini usitosheke na muhtasari? Tuseme kifungu cha 4 kinasema mpangaji anaweza kuondoka kwa notisi ya siku 30. Kifungu cha 17, ukurasa wa mwisho, kinasema "bila kuathiri kifungu cha 4, mpangaji akiondoka kabla ya mwaka atalipa kodi ya miezi iliyobaki." Muhtasari utaandika: notisi siku 30. Si uongo. Lakini aliyeuamini akaondoka mwezi wa tatu anadaiwa miezi tisa. Ndiyo maana ya kuagiza vifungu vyote vya pesa viwekwe pamoja, ili cha 4 na cha 17 vikutane.

Mwisho, iambie isimame upande wa mwenye nyumba na ieleze angeutumiaje kila utata dhidi yako. Hapa huwa inafanya kazi nzuri kweli.

Yasiyokuwemo kwenye karatasi

Mkataba ukisema "mimi ni mmiliki halali", programu itaandika kwamba muuzaji ni mmiliki halali. Haijui kwamba nyumba ni ya mirathi na dada zake wawili wana mafungu yao. Haijui kwamba ni wakfu, na Mji Mkongwe nyumba za wakfu si chache. Haijui kwamba shamba ni katika eka tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi, wala kwamba minazi iliyomo ina mwenyewe mwengine. Haiwezi kukwambia kama Bodi ya Uhaulishaji Ardhi imeridhia ardhi ihamie kwako, au kama Mamlaka ya Mji Mkongwe itakuruhusu kubadilisha mlango uliouahidi kwa mteja.

Majibu hayo yako kwa sheha, kwa majirani, Kamisheni ya Ardhi, na kwa mambo ya wakfu, Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Nenda kwa miguu kabla ya kulipa arubuni.

Kwa wakili usipeleke muhtasari wa programu. Peleka mkataba wenyewe pamoja na ukurasa mmoja wa maswali, kila swali na namba ya kifungu chake. Hakikisha anaruhusiwa kufanya kazi Zanzibar, kwa sababu uwakili wa Bara peke yake hautoshi huku. Kama gharama inakushinda, uliza kwa wasaidizi wa sheria wa wilaya yako au Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, na ukurasa ule wa maswali uende nao.